Mia, Kumi, Tatu: Historia ya Kupanga Nyimbo kwa Mapenzi

Kupanga nyimbo kwa daraja, huu wa kwanza, ule wa pili, ule wa tatu, ni kazi kongwe kuliko santuri na redio. Lakini kuzipanga kwa sababu tu mimi, msikilizaji mmoja nisiye na cheo, nimezipenda hivyo, ni jambo la juzi. Kati ya hayo mawili kuna safari ya miaka zaidi ya 2,500, na katika safari yote hiyo swali limebaki lile lile: wimbo upi wa kwanza? Anayeulizwa ndiye aliyebadilika, na pia yule anayepelekewa jibu.

Wagiriki wa kale walimuuliza mwamuzi. Huko Delphi, kabla ya riadha kuongezwa mwanzoni mwa karne ya 6 K.K., watu walishindana kumwimbia mungu Apollo kwa kinubi. Athens nako, katika sikukuu za Dionysos, kwaya za makabila ya mji zilisimama mbele ya umma kugombea ushindi, na wenye mji waliogopa hongo na upendeleo kiasi cha kuweka utaratibu mkali. Waamuzi 10, mmoja kutoka kila kabila, walipatikana kwa kura ya bahati. Kila mmoja aliandika hukumu yake na kuitumbukiza katika chungu, kisha hukumu 5 tu zikatolewa bila kuchaguliwa na kuhesabiwa. Katika utaratibu huo mapenzi ya mtu binafsi yalikuwa hatari ya kudhibitiwa. Wimbo bora ulikuwa wa kabila na wa mungu, na mwamuzi aliyesema “mimi nimeupenda tu” asingekuwa amesema kitu.

Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Baghdad ilipata mtu mwenye uwezo wa kuagiza orodha kwa ajili ya moyo wake mwenyewe. Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, aliwaamuru waimbaji watatu wa baraza lake, Ibrahim al-Mawsili, Ismail ibn Jami na Fulayh ibn Abi al-Awra, wamchagulie nyimbo 100 zilizo bora kuliko zote. Walipomaliza, akawataka wazichuje zibaki 10. Zilipobaki 10, akataka 3. Kizazi kimoja baadaye, Khalifa al-Wathiq alimtaka Ishaq, mtoto wa yule Ibrahim, aipitie upya orodha ya mia, atoe zilizo dhaifu na kuweka zinazostahili. Habari hizi zimetufikia kwa sababu Abu al-Faraj al-Isfahani (897–967) alizifanya msingi wa Kitab al-Aghani, Kitabu cha Nyimbo, ambacho kilipopigwa chapa Bulaq, Cairo, mwaka 1868 kilijaza juzuu 20. Kila wimbo katika ile mia ulimfungulia mwandishi mlango: nani aliutunga, nani aliuimba, nani alizawadiwa kwa ajili yake, ulipigwa kwa mwendo gani na kidole gani kilishika waya upi wa udi.

Kuna mambo ya kutazamwa kwa makini katika kisa hiki. Nyimbo 3 zilizobaki zilikuwa za Ma'bad, Ibn Surayj na Ibn Muhriz, waimbaji wa Hijazi wa zama za Bani Umayya, na wote watatu walikwisha kufariki kabla Harun hajazaliwa. Mtawala wa dola kubwa, aliyezungukwa na waimbaji hodari wa wakati wake, aliambiwa na waimbaji hao hao kwamba kilele cha muziki kilikuwa kimeshapita. Halafu al-Isfahani mwenyewe anatoa riwaya zinazopingana kuhusu ni zipi hasa zilizokuwa zile tatu, maana yake orodha hiyo ilibishaniwa tangu mwanzo. Jambo la tatu linahuzunisha. Licha ya maelezo yote ya mwendo na vidole, hakuna leo awezaye kuziimba nyimbo hizo kwa hakika ya sauti zake. Daraja zimebaki, mahadhi yamepotea.

Ulaya ilichelewa kumfikia msikilizaji mmoja mmoja, na ilipomfikia ilimfikia kwa njia ya falsafa. Mwaka 1757 Mskochi David Hume aliandika insha juu ya kipimo cha ladha, akikiri kwamba watu hutofautiana, ila akasema wapo waamuzi wa kweli, waliozoea, waliolinganisha mengi na kujivua upendeleo. Mwaka 1790 Immanuel Kant alichora mpaka ambao bado tunaukanyaga kila tunapobishana. Mtu akisema mvinyo fulani unampendeza, anasema habari zake mwenyewe, na hakuna wa kumpinga. Akisema kitu ni kizuri, anawadai wengine wakubaliane naye. Orodha yoyote ya nyimbo imesimama juu ya mpaka huo, mguu mmoja huku na mwingine kule. Aliyeiandika anajitetea kwamba ni mapenzi yake tu, na papo hapo anakasirika usipoafiki.

Pwani ya Afrika Mashariki haikungoja wanafalsafa. Katika miji ya Waswahili wimbo ulipimwa kwa kujibiwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alitunga mashairi ya kurushiana na washairi wa miji hasimu, na shairi lililokosa jawabu lilihesabiwa limeshinda. Lamu iligawanyika pande mbili, Mkomani na Langoni, na ngoma za mashindano zikawa namna ya kuuliza upande upi una watunzi. Muhamadi Kijuma, malenga na fundi wa kuchora mbao aliyeishi hadi miaka ya 1940, alitunga nyimbo za mashindano hayo. Kuanzia miaka ya 1890 ikazuka beni huko Lamu na Mombasa, ngoma iliyoiga bendi na gwaride za kijeshi za Wazungu. Mombasa ilikuwa na Kingi na Skochi, na baadaye Marini na Arinoti zikaenea Tanganyika nzima, zikibebwa na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapakuwa na majaji wa kukaa mezani. Ushindi ulionekana kwa wingi wa watu, kwa mavazi, kwa karamu, na kwa wimbo uliokuwa ukiimbwa na watoto mitaani asubuhi yake.

Unguja ilipata njia yake. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki, na taarabu ikaanza kama starehe ya ikulu, kwa lugha ya Kiarabu. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Ikhwani Safaa. Bado muziki huo ulikuwa wa wakubwa, hadi alipotokea Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu kabla ya kuwa mwimbaji, akauimba kwa Kiswahili na kuuingiza Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja walikokaa watu wa kawaida. Mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Tangu hapo mtu wa Ng'ambo aliweza kuusikia wimbo aupendao bila mwimbaji kuwapo, akaurudia, akaulinganisha na mwingine. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad.

Taarabu ilizaa pia namna ya kupima wimbo ambayo sijaona inayoishinda kwa ukweli, nayo ni kutunza. Mwimbaji yuko ubeti wa tatu. Mwanamke mmoja nyuma ya ukumbi anainuka, anajitengeneza kanga au baibui, anakunja noti kwa vidole viwili na kuishika juu ionekane. Haendi moja kwa moja. Anakuja kwa mwendo wa ngoma, anapita makusudi mbele ya viti fulani, anageuza shingo kidogo ili yule aliyekusudiwa ajue amekusudiwa, kisha anaifikisha noti mkononi mwa mwimbaji au kuibandika kwenye paji la uso wake. Mwimbaji akiwa mzoefu anaurudia ubeti ule ule, na wengine watatu wanainuka. Ukumbi mzima umeona ni ubeti upi uliompata nani, na kwa sababu gani. Aliyetunza ametumia fedha yake, ameonyesha uso wake, na pengine amejitafutia ugomvi wa mwezi mzima. Vikundi vya wanawake vya Unguja vilikuzwa na ushindani wa namna hii, na miaka ya 1990 Dar es Salaam nayo iligawanyika kati ya vikundi viwili, Tanzania One Theatre, alikokuwa Khadija Kopa, na Muungano, alikokuwa Nasma Khamis. Wapenzi wa kila upande walizijua nyimbo za upande wa pili neno kwa neno, maana bila kuzijua wangejibu nini?

Miongo mingi kabla ya hapo, ng'ambo ya Atlantiki, swali la wimbo wa kwanza lilikuwa limekabidhiwa kwa karani wa hesabu. Thomas Edison alitengeneza mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, Emile Berliner akaleta gramafoni ya sahani mwaka 1887, na wimbo ukawa bidhaa inayohesabika. Tarehe 20 Aprili 1935 redio za Marekani zilianza kurusha kipindi cha Your Hit Parade. Jarida la Billboard, lililoanzishwa Cincinnati mwaka 1894, lilichapa tarehe 27 Julai 1940 orodha ya santuri zilizouzwa zaidi madukani, na ya kwanza ilikuwa I'll Never Smile Again ya bendi ya Tommy Dorsey, mwimbaji akiwa kijana Frank Sinatra. Uingereza ilifuata tarehe 14 Novemba 1952, pale Percy Dickins wa New Musical Express alipowapigia simu wenye maduka wapatao 20, akaandika walichomwambia, na kupata orodha ya nafasi 12 iliyoongozwa na Al Martino. Simu ishirini! Hadhi yote ya chati za Uingereza ilianza na mtu mmoja, daftari, na ukarimu wa wauza maduka waliokubali kumjibu.

Mbinu hizo zilikuwa na kasoro iliyojulikana mapema. Muuza duka aliweza kutaja sahani zilizojaa rafuni mwake badala ya zilizouzwa, na mtangazaji aliweza kulipwa ili aupige wimbo. Uchunguzi wa Bunge la Marekani kuhusu hongo redioni, mwaka 1959 na 1960, uliiharibu kazi ya Alan Freed, mmoja wa watangazaji waliolitangaza jina la rock and roll. Ila kasoro kubwa zaidi haikuwa hongo. Chati ilihesabu manunuzi ikayaita mapenzi. Aliyenunua sahani akaisikiliza mara moja na kuisahau alihesabiwa sawa na aliyeichakaza sindano, na asiye na fedha ya kununua hakuhesabiwa kabisa, hata kama aliujua wimbo kuliko wote.

Aliyerudisha swali kwa mtu mmoja alikuwa Roy Plomley. Vita vya Pili vikiendelea, aliiandikia BBC akipendekeza kipindi ambamo mgeni angeulizwa: ungeachwa peke yako katika kisiwa, ungependa kuwa na santuri zipi 8? Desert Island Discs ilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 29 Januari 1942, mgeni akiwa mchekeshaji Vic Oliver, na bado inaendelea. Nguvu yake iko katika uchache. Nane ni chache za kumlazimisha mtu aache anazozipenda, na nyingi za kutosha kusimulia maisha. Mwaka 1958 mwimbaji wa opera Elisabeth Schwarzkopf alichagua santuri 7 alizoimba mwenyewe. Wengi walimwona mwenye majivuno. Mimi naona alijibu swali kwa uaminifu kuliko wageni wengi, kwa kuwa kila wimbo kati ya hizo ulikuwa siku ya kazi yake, pamoja na wenzake aliofanya nao kazi. Plomley aliwaza kisiwa kisicho na watu, lakini mgeni wake alikuwa akizungumza na taifa zima lililokaa kando ya redio.

Afrika Mashariki redio ilianza Nairobi mwaka 1928, kwa ajili ya walowezi. Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zilianza mwaka 1951, na baada ya uhuru redio ikawa sauti ya serikali na shule ya wananchi kwa pamoja. Ndani ya chombo hicho rasmi, wasikilizaji walijitengenezea kona yao, nayo ni salamu. Kadi za salamu ziliuzwa zikiwa zimechapwa tayari, na mtu alizijaza kwa herufi kubwa ili mtangazaji asikosee. Msalimu alitaja jina lake na mahali alipo, akataja majina ya anaowasalimu, wakwe, mashemeji, wafanyakazi wenzake wa mashamba ya mkonge au wa bandari, akaweka ujumbe, akamalizia na wimbo. Nafasi ya wimbo ilikuwa moja tu. Kazi ya kuchagua ilikuwa nzito kuliko ile ya mgeni wa Plomley mwenye nafasi 8, maana wimbo huo mmoja ulipaswa kumfaa mama mzazi kijijini, kumkonyeza mchumba mjini, na kumwonyesha jirani kwamba msalimu ana masikio. Kadi ilichukua wiki, pengine miezi. Siku ilipowadia zamu yake mtu aliwaita majirani waje wasikie. BBC Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1957, nayo ilikuwa na salamu zake, zikiwaunganisha wasikilizaji waliotengwa na mipaka.

Tanzania ilikuwa na sababu yake ya pekee ya kutegemea njia hii. Nchi haikuwa na kiwanda cha kukamua santuri. Bendi zilizotaka sahani zilisafiri hadi Nairobi, na nyimbo nyingi zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, zikabaki kwenye kanda za redio bila kuuzwa. Bila mauzo hakuna chati. Kwa hiyo wimbo wa kwanza ulitafutwa katika maombi ya wasikilizaji na katika kumbi za dansi, ambako kila bendi ilijitambulisha kwa mtindo wake. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Januari 1979, ilikuwa na wake. Orchestra Maquis ikawa na Kamanyola na Ogelea Piga Mbizi. NUTA Jazz, iliyozaliwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ilikuwa Msondo, na Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, ikawa Sikinde. Muhidin Gurumo, nguzo ya NUTA, alikuwa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, na hapo wapenzi walikabiliwa na jambo gumu: kufuata sauti au kubaki na bendi? Ubishi wa Msondo na Sikinde uliwashinda watunzi wake kwa umri. Karne ya 21 ilipofika, mabango yalikuwa bado yakitangaza mpambano wao siku za sikukuu, na wazee walikuwa bado wakienda kuamua kwa miguu yao.

Kaseti ilimpa msikilizaji wa kawaida kile ambacho Harun aliwahitaji waimbaji watatu kukipata. Philips iliitoa mwaka 1963, na miaka ya 1970 na 1980 ikaenea Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Muscat. Palikuwa na maduka ya kurekodi. Mteja alileta kanda tupu na karatasi, ameandika majina ya nyimbo kwa mpangilio autakao, na mwenye duka akazinakili kutoka santuri na kanda zake. Dakika 60 ziligawanywa 30 kwa 30. Hesabu hiyo ilifunza nidhamu. Wimbo wa dansi wa Dar es Salaam, ukiwa na maneno yake, kisha mchachuko wa magita kuelekea mwisho, unaweza kufika dakika 8 au zaidi, hivyo upande mmoja haukubeba nyimbo nyingi. Ukikosea hesabu, kanda iliisha gita likiwa katikati ya utamu, na kila aliyeisikiliza kanda hiyo kwa miaka alizoea wimbo kukatika pale pale. Wimbo wa kwanza wa upande A ndio uliopewa heshima. Wimbo wa mwisho wa upande B ulikuwa wa siri, uliowekwa kwa ajili ya yule atakayevumilia hadi mwisho. Kanda zilizawadiwa wachumba, zilibebwa na madereva wa malori, zilitumwa Uarabuni na Ulaya kwa ndugu waliohama, na zilipolegea zilizungushwa kwa kalamu ya Bic hadi zikaze tena. Orodha ya mapenzi ikawa kitu cha kushikika, chenye mwandiko wa mtu.

Katika miaka hiyo hiyo wasomi walianza kuuliza kama mapenzi hayo ni ya mtu kweli. Pierre Bourdieu, Mfaransa, aliwahoji watu 1,217 katika miaka ya 1960, na mwaka 1979 akachapa La Distinction. Alionyesha kwamba walimu wa vyuo na wasanii waliitaja zaidi kazi ya Bach ya vinanda, tabaka la kati Rhapsody in Blue ya Gershwin, na wafanyakazi Blue Danube ya Strauss. Kila mmoja aliamini anasema lililo moyoni mwake, na jibu lake lilikuwa na anwani ya mtaa wake. Mwaka 1989 Morris Holbrook na Robert Schindler, Wamarekani, waliwapigia watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo za miaka tofauti, wakaona kwamba mapenzi hufikia kilele kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji alipokuwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi. Watangazaji wa Nairobi na Dar es Salaam, waliokuwa wakiendesha vipindi vya Zilipendwa, hawakuhitaji utafiti huo. Walijua kwamba anayeomba wimbo wa mwimbaji Salum Abdallah anaomba pia kurudishiwa Morogoro ya miaka ya 1960 na viatu alivyovaa usiku ule. Simwoni Bourdieu kuwa amewakosea watu heshima, kama baadhi wanavyomlaumu, ila nadhani alisimama njiani. Wimbo ukishatoka mtaani na kukaa ndani ya mtu miaka 40 unakuwa wake, hata kama ulianza kuwa wa tabaka lake.

Mwisho wa karne ya 20 redio na magazeti yaliwakusanya wasikilizaji wapige kura. John Peel wa BBC alianza Festive Fifty mwaka 1976, Triple J ya Australia ikaanzisha Hottest 100 mwaka 1989, na mwaka 1999 Radio 2 ya Uholanzi ikaanza Top 2000, ambayo hupigwa mfululizo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya na ambayo miaka mingi huishia kwa Bohemian Rhapsody ya Queen. BBC World Service ilipowauliza wasikilizaji wa dunia nzima mwaka 2002 ni wimbo gani bora kuliko zote, zilizoshinda zilikuwa A Nation Once Again wa Ireland, Vande Mataram wa India na Dil Dil Pakistan. Watu waliulizwa kuhusu muziki, wakajibu kuhusu nchi zao, na sioni kwamba walikosea swali. Gazeti la Rolling Stone liliwauliza wanamuziki na wajuzi, likatoa nyimbo 500 mwaka 2004 zikiongozwa na Like a Rolling Stone ya Bob Dylan. Lilipouliza tena mwaka 2021, likiwa limebadilisha wapiga kura na kuwaongeza vijana, wanawake na weusi, wa kwanza ulikuwa Respect wa Aretha Franklin. Nyimbo zote mbili ni za miaka ya 1960, na hakuna hata moja iliyobadilika noti. Na mwaka 2004, kati ya hizo 500, La Bamba ulikuwa wimbo pekee wa Kihispania. Msikilizaji wa Tanga au Bukavu aliyeisoma orodha hiyo, ikijiita ya nyimbo kuu za wakati wote, alikuwa na haki ya kuuliza wakati wa nani.

Nyumbani, redio za binafsi zilizofunguliwa miaka ya 1990, pamoja na Radio One mwaka 1994, zilileta chati za kila wiki, na tuzo za muziki Tanzania zikaanza mwaka 1999, Bongo Fleva ikichipuka. Simu ya mkononi ikafanya kadi ya salamu kuwa ujumbe mfupi wa kupigia kura. Kasi ikaongezeka, majina ya mashemeji yakaondoka. Aliyetuma namba ya msanii alihesabiwa na hakutajwa, na mwenye fedha ya vocha aliweza kujihesabisha mara nyingi.

Kisha mashine ikajifunza kusikiliza pamoja nasi. Mwaka 2002 Richard Jones, mwanafunzi wa Southampton, aliunda Audioscrobbler, programu iliyoandika kila wimbo uliopigwa kwenye kompyuta ya mtu. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapa jaribio lililowahusisha watu 14,341 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wakiwagawa katika makundi yaliyokua kila moja peke yake. Watu walipoonyeshwa idadi ya waliokwisha kuupakua wimbo, zilizovuma zilivuma zaidi, na nyimbo zilizovuma hazikuwa zile zile katika kila kundi. Namba iliyokusudiwa kupima mapenzi ilikuwa ikiyazalisha. Huduma ya muziki ya Boomplay ikaja mwaka 2015 ndani ya simu zilizojaa masoko yetu, Spotify ikafungua Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 2021, na wimbo ukawa unahesabiwa ukifika sekunde 30. Kwa hesabu hiyo, mama anayembembelezea mtoto kwa wimbo mmoja usiku kucha anaambiwa mwisho wa mwaka kwamba huo ndio kipenzi chake. Na ule anaoogopa kuusikia kwa sababu ulipigwa siku ya msiba, wimbo ulio juu ya zote moyoni mwake, haumo.

Spotify imekuwa ikitoa muhtasari huo kwa jina la Wrapped tangu 2016. Kwa mara ya kwanza tangu Delphi, ipo orodha ya nyimbo za mtu ambayo mwenyewe hakuipanga, na ambayo haikupangwa ili asikie yeyote. Watu walivyoipokea ndivyo kinachonivutia zaidi. Siku inapotoka, wanaiweka kwenye hadhi ya WhatsApp asubuhi ile ile, na kufikia adhuhuri wameshaanza kuirekebisha: huu wa tatu ni wa mwanangu, huu wa tano nilikuwa naupiga kazini, wa kwanza kwa haki ni ule wa marehemu baba, ambao mashine haina. Binamu aliye Toronto anajibu kwamba hata huo si wa kwanza, anautaja mwingine wa Mlimani Park, anatuma sauti yake akiuimba bila gita, na shangazi aliye Tandika anaingia kusema wote wawili walikuwa hawajazaliwa, wamwachie yeye apange.